Kuinuka Kwenye Mbuzi

Jana asubuhi nilikuwa ghorofani natandika, nikasikia mbuzi. Si yule wa kulia mee, ni mbuzi ya kukunia nazi. Mkwaruzo ule haukuwa ukisikika nyumbani kwetu tangu 2021, ila niwe nimeikalia mimi. Nikateremka ngazi mbiombio. Nikamkuta Mama kaikalia mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, sinia iko chini, nazi ameshaivunja.

Nilitaka kumpokonya. Nikauma ulimi nikarudi kusimama kwenye ngazi.

Mama aliugua korona Agosti 2021, akiwa na miaka 71. Akalazwa Mombasa, oksijeni majuma mawili, kisha mwezi mzima wa mazoezi ya viungo na ya pumzi. Kule walimpima kwa kumtembeza kwenye ushoroba wa hospitali: dakika 6 huko na huko, wanahesabu mita alizokwenda. Wakamkalisha kitini wahesabu anainuka mara ngapi kwa sekunde 30, mikono kaikunja kifuani. Kidoleni wakambana kile kidude cha kupimia oksijeni. Wakaridhika, wakatuambia tumrudishe nyumbani. Siwalaumu, kazi yao waliifanya na waliifanya kwa upole.

Lakini ushoroba ule ni tambarare, na Lamu si tambarare. Tulipovuka kutoka Mokowe, kule bara, maji yalikuwa yametoka, ngazi za gati ziko wazi na utelezi wake wa kijani, ikabidi hamali wawili wamshike huku na huku. Nyumbani ngazi ni za mawe, kila kidato kinafika nusu ya muundi. Choo chini, kitanda juu. Nje ni vichochoro vya mtaa wetu wa Langoni, punda akija na mifuko ya mchanga hakungojei uvute pumzi, unajibanza ukutani hapo hapo.

Basi sisi watoto tukamhurumia, na hapo ndipo tulipoharibu. Kitanda tukakiteremsha chini. Chai kitandani, maji ya kuoga tunamtilia, kiatu tunamvisha. Mbuzi nikaiweka juu ya kabati kwa mkono wangu mwenyewe. Jirani wakisifu, "Bi huyu ana watoto." Na sisi tukivimba kichwa! Baada ya miezi mitatu, mtu aliyepanda gati kwa kushikwa na watu wawili alikuwa hawezi kuinuka kwenye kochi bila kuvutwa.

Nilimpigia daktari wa mazoezi. Hakuniuliza dawa wala joto la mwili. Aliniuliza, "Kwa siku anainuka mara ngapi?" Nikahesabu kwenye vidole vya mkono mmoja, vikatosha. Ndipo akanieleza jambo ambalo hadi leo nawaambia wenye wazee: kule Marekani watafiti waliwalaza wazee 12, wazima kabisa, siku 10 tu kitandani. Wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote. Mama alikuwa ametoka kwenye korona, na mimi nikamwongezea kitanda.

Tukaanza upya. Kochi likaondoka, kikaja kiti kigumu. Ngazi vidato vitatu, kisha vitano. Chai aifuate jikoni. Alininunia siku mbili akaniita katili, siku ya tatu akaanza kunihesabia yeye vidato.

Halafu tukakosea upande wa pili. Maulidi ya 2022 wageni walijaa, Mama akajiona mzima. Akasimama jikoni tangu alfajiri, akapokea watu, usiku akenda hadi karibu na msikiti wa Riadha kusikiliza matwari, zile ngoma za maulidi. Kesho yake hakuinuka. Siku nne mwili mzito, maneno yanampotea, anaanza kisa cha harusi ya zamani anakwama kwenye jina la bwana harusi. Mwaka mzima ulikuwa umeshapita! Baadaye ndipo nilipojua kwamba Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuipa hali hii ya korona isiyokwisha maana rasmi tangu Oktoba 2021: dalili zinazokuwapo miezi mitatu baada ya kuanza kuugua, zikadumu miwili au zaidi, bila sababu nyingine ya kuzieleza. Mtaani kwetu jina lake ni "uzee". Neno hilo silitaki nyumbani. Mwezi mmoja kabla hajaugua Mama alikwenda hadi kijiji cha Shela kwa miguu na kurudi.

Daktari alitupa kanuni moja: aache angali anataka. Ni ngumu kuliko vidato. Mama amelelewa kumaliza kazi, mwanamke wa kuacha ufagio katikati ya ua hawamjui kwao. Siku nyingine hulia kwa hilo tu. Pua nayo ilikawia mno. Nilimletea kikuba cha asumini akanusa akasema kinanuka moshi, akakirudisha. Leo asumini anaisikia, kahawa bado.

Kusujudu pia. Muda mrefu ameswali kitini. Mwaka jana alianza kurudi kwenye mkeka wa kuswalia kwa alfajiri pekee, kwa kuwa ndipo ana nguvu. Nyingine kitini. Hajasema lolote kuhusu hilo nami sijauliza.

Sasa turudi kwenye mbuzi, kwa maana kile kigoda kiko chini kuliko kiti chochote cha hospitali. Kuna kukaa, na kuna kuinuka. Alikuna kifuu kimoja hadi kikabaki kitupu, taratibu, akipuliza pumzi kwa midomo iliyobanwa kama walivyomfunza. Akakitazama cha pili. Akaweka kiganja ukutani, kingine gotini, akatulia. Akajaribu, akarudi. Akajaribu tena, akasimama, kanga imejaa chicha.

"Umesimama hapo kama mlinzi wa benki," akasema bila kugeuka. Akanisukumia kifuu cha pili kwa mguu. "Hicho chako."