Mikorosho ya mama na mstari ambao hatujauchora

Jumamosi nilikuwa shambani kwa mama, njia ya Kiromo kule Bagamoyo, na kwa kweli nimerudi moyo mzito. Shamba la jirani limekwisha. Mikorosho ile tuliyokuwa tunaokota chini yake utotoni imekatwa yote imechomwa mkaa, sasa ni vijiti vya bikoni tu na dalali anapima kwa hatua zake, mita ishirini kwa ishirini. Piga hesabu, ekari moja ukitoa njia unapata viwanja kama nane hivi, kwa hiyo mwenye shamba akiuza vipande anaona hela ambayo korosho hazijawahi kumpa hata siku moja, mimi simlaumu, watoto wanadaiwa ada.

Ninachokilaumu ni kwamba mji wa Dar es Salaam unakuja bila mtu kusema uishie wapi. Ulitoka Bunju ukaja Mapinga, ukaja Kerege, sasa uko kwetu, na kila anayejenga anaruka mapori matupu katikati kufuata kiwanja cha bei poa, halafu maji na barabara vinamfuata kwa shida.

Wenzetu wa jimbo la Oregon kule Marekani walitunga sheria 1973, kila mji uchore mpaka wake. Mji wa Portland wakachora wao 1979: ndani jengeni, nje ni mashamba na misitu. Ila sharti mpaka uwe na ardhi ya kutosha nyumba za miaka 20, maana ukiubana sana bei ya ndani inapanda na mtu wa kipato cha chini ndo anaumia. Na wenye mashamba ya nje walilalamika thamani imeshuka, hadi 2004 wananchi wakapiga kura walipwe fidia, halafu 2007 wakairekebisha sheria hiyo ya fidia. Kwa hiyo sio dawa isiyo na uchungu, ila mashamba yapo.

Sisi sheria tunazo jamani. Ile ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inataka ugawaji upite mkutano mkuu wa kijiji, na ya 2007 inahusu mipango ya matumizi ya ardhi, kijiji kinatenga kilimo wapi, makazi wapi, malisho wapi. Shida ni wakati. Mpango unakuja vipande vimeshauzwa kwa karatasi ya mkono, wapimaji wanarasimisha tu kilichokwishaharibika. Na kijiji kikishageuzwa mtaa, mkutano wa mtaa hauna tena nguvu ya kugawa ardhi, yaani mlango ule ndo umefungwa.

Dalali alimfuata mama pia. "Bi mkubwa, nusu ekari tu." Mama akamjibu, "Mwanangu, subiri msimu uishe." Hakusema hapana, na hilo ndo limeninyima usingizi. Mkutano mkuu ujao nakwenda naye, nataka tuulize mbele ya watu ramani ya matumizi ya kijiji chetu iko wapi, na kama haipo ianze kuchorwa kabla korosho hazijaokotwa.