Kidigo hakigongewi mhuri

Kwa anayetoka Tanga kwa basi, mpaka wa Horohoro, wa Tanzania na Kenya, ni wa pasi tu. Kidigo nilichokiacha Duga Maforoni nilikikuta kile kile Lunga Lunga, kikaendelea Msambweni, Ukunda, hadi Likoni, na nusu ya abiria wakapiga soga njia nzima kana kwamba hakuna serikali mbili. Kilichobadilika ni kondakta. Baada ya mpaka alianza kuchomeka Kisheng' ili vijana wamwone mjanja.

Kivukoni Likoni abiria wa miguu halipi kitu, kwa hiyo watu ni nyomi. Nilibanwa kando ya mama mmoja mwenye kikapu cha ndimu. Simuni anazungumza Kiduruma, mwanawe anamkemea kwa Kiswahili, na alipopita jirani yake akamsalimu kwa Kikamba, japo cha kuungaunga. Feri ilikuwa haijafika ng'ambo.

Marikiti, soko la zamani la Mombasa, ndiko nilikokaa sana. Duka la viungo, magunia ya iliki na bizari mlangoni, na mwenyewe ni Bohora, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mwenye kofia nyeupe ya ukingo wa dhahabu. Na nduguye ndani wanasemezana kwa Kigujarati chao kilichojaa Kiarabu. Hamali wa mkokoteni akija, mzee anageuka: “Weka hapo, usiloweshe mzigo!” Kiswahili cha Mvita kabisa, lafudhi haina kasoro. Watalii wakaingia, akahamia Kiingereza. Mimi nikamwamkia “shikamoo”, akaitika “marahaba” na kuniuliza hapo hapo kama natoka Tanga au Dar. Kunijua kwa neno moja kuliniudhi kidogo, maana mwenzenu nilidhani nimejificha.

Jioni nikaingia Mji wa Kale, nyuma ya Fort Jesus. Barazani mzee akaniita, “Ndoo mwanangu, kaa kitako unwe kahawa.” Hicho ndicho Kimvita, lugha aliyotungia Muyaka bin Haji mashairi yake karne ya 19. Mwaka 1928 wakubwa wa kikoloni walikutana Mombasa, mji wenyewe wenye lahaja hiyo, wakaamua Kiswahili cha shule kitokane na Kiunguja. Nilimchokoza mzee kwa hilo. Akasema wajukuu wake shuleni huandika “njoo” ili wapate alama, wakirudi nyumbani ni “ndoo”, na nyanya yao hataki kusikia jingine. Wenzake wakaanza kubishana kuhusu Wabajuni wa pwani ya kaskazini na Washihiri wenye asili ya Yemeni, nani kaharibu Kimvita zaidi, na ubishi ule sikuona dalili ya kwisha. Kwa maoni yangu lahaja inayogombewa hivyo bado ina uhai, hata kama haina kitabu darasani.

Kesho yake asubuhi nikavuka daraja la Nyali kwenda soko la Kongowea. Huko Kimvita unakisikia kwa nadra. Ni Kigiriama, Kikikuyu, Kijaluo, na Kikamba kwa wingi. Niliuliza bei ya vitunguu kwa Kiswahili changu kilichonyooka, nikatajiwa bei. Dada aliyesimama kando yangu akauliza kwa Kikamba, akapewa kwa bei ya chini, mbele ya macho yangu.

“Mama, nami niuzie ya Kikamba,” nikasema.

Akacheka, akapunguza. Vitunguu vyenyewe vilikuwa vya Tanzania.