Nilivyochagua almasi za mama hapa Dodoma, na kwa nini niliikataa VVS

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuona watu wanaambiana "usinunue almasi chini ya VVS", yaani ile ngazi ya juu ya usafi wa almasi, kana kwamba ni sheria ya nchi. Sisi tungeifuata hiyo tungetoa milioni moja na ushee ya ziada kwa kitu ambacho mama asingekiona, majirani wasingekiona, na hata sonara mwenyewe bila lenzi asingekiona.

Ni hivi. Mama alistaafu ualimu, sisi watoto tukakubaliana tumchangie kitu cha maana, na dada akakumbusha kwamba mama alishawahi kusema kitu pekee alichotamani ujanani hakukipata ni vipini vya almasi vya sikioni, hela zote ziliishia kwenye ada zetu. Basi michango ikaja kwangu kwa simu maana mimi ndo niko hapa Dodoma, wengine wako Dar na Mwanza, na kila mchango ukaja na amri yake. Kaka mkubwa: VVS1, chini ya hapo sitaki, hatuwezi kumpa mama uchafu. Shemeji: mi nimeona Instagram VVS karati moja moja laki tatu na nusu, mnahangaika nini. Mama mdogo wa Mvumi: tumbukiza kwenye glasi ya maji, ikizama ni almasi. Jirani akaongeza nipige nyundo.

Nianze na hizo mbili za mwisho nizimalize. Kioo nacho kinazama. Na nyundo usithubutu, almasi ni ngumu kukwaruzika lakini ikipigwa vibaya inapasuka vizuri tu, ugumu na kutovunjika ni vitu viwili.

Sasa hizo herufi. GIA, ile taasisi ya vito ya Marekani iliyoanza 1931, ndo wenye ngazi za usafi ambazo karibu kila mtu anazitumia, ziko 11: juu kabisa FL na IF, zinafuata VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, halafu chini I1, I2, I3. Ukiona duka linakuandikia SI3 jua GIA hawana hiyo ngazi. Na jambo ambalo hakuna mtu kwenye grupu la familia alikuwa analijua, pamoja na kelele zote zile, ni kwamba ngazi hizi zinapangwa kwa lenzi inayokuza mara 10. VVS maana yake hata mtaalamu mwenye lenzi mkononi anapata shida sana kuliona doa. VS anaona akitafuta. SI anaona bila kuhangaika, lakini bado ni kwa lenzi, ukiitoa hiyo lenzi SI1 nyingi huoni chochote hasa jiwe likiwa dogo. Kwenye I ndo doa linaanza kujitokeza kwa macho matupu na mengine yanapunguza hata kung'aa. Sa nani atamfuata mama kanisani na lenzi amshike sikio? Pete walau mtu anaileta mkono karibu na uso, vipini mtu anavionea hatua mbili tatu.

Aliyenifungua macho ni rafiki wa binamu yangu, broka wa mawe, anashinda soko la madini hapa hapa mjini, maisha yake ni krisopresi (lile jiwe la kijani) ya Haneti na rubi za Winza kule Mpwapwa. Akaniambia wazi almasi siyo biashara yake ila kuangalia jiwe ni kuangalia jiwe. Yeye kwenye rubi akiletewa jiwe halina hata kidoa ndo kwanza anashtuka, kwa sababu za kiwandani ndo mara nyingi zinakuwa safi namna ile. Akanifundisha kushika lupu, ndo hiyo lenzi ya kukuza mara 10: lupu inakaa jichoni kabisa, siyo kwenye jiwe, mikono miwili igusane isitetemeke, halafu jiwe ndo unalileta taratibu mpaka likae sawa, na macho yote mawili wazi. Wengi tunashika lupu mbali kama tunasoma gazeti, huoni kitu hapo. Nilikaa naye mpaka nikawa naona mwenyewe.

Hiyo lupu ndo ikatuokoa na mzigo wa Instagram. Shemeji alikuwa ameshawasiliana na muuzaji, tukakutana naye karibu na Nyerere Square, mimi nikaenda na broka wangu. Jamaa kaja na kiboksi kizuri, vyeti viwili vimeandikwa VVS1, na ile kalamu ya kupimia almasi. Akagusa jiwe, kalamu ikalia na taa zikapanda mpaka mwisho, shemeji akanigeukia kwa furaha, unaona? Broka hakusema neno. Akachukua kipini akakiangalia moja kwa moja kutoka juu, akanyamaza, halafu akakiinamisha kidogo awe anaangalia kwa ubavu kupitia zile nyuso zilizokatwa pembeni kwenda chini ya jiwe, akanipa. Akasema angalia ile mistari ya pembe kule chini. Aisee, kila mstari ulikuwa miwili miwili, umekaa sambamba kama reli. Kwenye almasi mstari ni mmoja. Lile lilikuwa moisanaiti, jiwe la kiwandani la silikoni na kaboni, linapasua mwanga mara mbili, ndo maana unaona mistari imejirudia, ila lazima uinamishe, ukiangalia kwa juu moja kwa moja waweza usione. Na kalamu za kawaida zinapima joto linavyopita tu, moisanaiti inapitisha joto vizuri kwa hiyo kalamu inalia vilevile. Muuzaji alipoulizwa akasema hii nayo ni almasi ya kisasa. Hapana bwana. Ni jiwe zuri, linang'aa, mtu akilinunua kwa jina lake na bei yake sina neno, lakini siyo almasi na hiyo VVS iliyobandikwa pale ni ya kuvutia watu wanaoamini herufi. Tukamrudishia kiboksi chake, shemeji tangu siku hiyo anasema niulizwe mimi.

Kaka naye akaja na lingine, tununue Mwadui moja kwa moja, almasi ya nyumbani. Mgodi ule wa Shinyanga ni fahari yetu kweli, Williamson aligundua 1940, na ile almasi ya waridi ya mwaka 1947 aliyopewa Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi ilitoka pale. Lakini almasi ghafi bila leseni ni kesi, na hata ukiipata inataka mkataji. Na mtu akikuambia dukani "hii ni ya Mwadui" muombe karatasi, maneno hayatoshi.

Nikaenda kwa sonara maeneo ya Jamatini. Hapa Dodoma almasi hazijai kwenye makabati, unaagiza, kwa hiyo nikamuomba aniletee mawe kadhaa ya karati 0.30 yasiyopachikwa, yenye cheti, tuchague mbele yangu. Hapo msiregee. Jiwe likishapachikwa kucha, vile vidole vya dhahabu vinavyolishika, zinaficha pembeni na dhahabu inabadilisha rangi unayoiona. Akanipinga kidogo kwamba wateja wengine wanachagua kwa cheti tu, nikasimama hapo hapo, akaleta.

Kwanza niliyatoa nje. Zile taa ndogo kali za dukani zinafanya kila kitu king'ae hata chupa, na jua letu la Dodoma saa saba nalo siyo zuri, almasi kwenye jua kali mara nyingi inaonekana nyeusi nyeusi. Tukasimama kivulini chini ya mwarobaini, karatasi nyeupe kiganjani, mawe manne juu yake. Ukiligeuza jiwe uso wa juu uwe chini ndo unaona rangi ya manjano na ukungu wa ndani, ukiligeuza lisimame sawa ndo unaona linavyong'aa.

Na hapa ndo nilipoelewa kwamba herufi peke yake haitoshi. Kulikuwa na SI1 mbili, ngazi moja, cheti cha maabara moja. Ya kwanza ilikuwa na kristali nyeusi katikati kabisa chini ya uso wa juu, na kwa sababu ya zile nyuso ndani ya jiwe, ukiinamisha kile kidoa kimoja kinajirudia, unaona vinne vitano vinazunguka. Ya pili doa lake lilikuwa ufa mdogo mweupe, wanaita unyoya, uko pembeni karibu na ukingo, kwa macho matupu nilitafuta sikuuona, na kucha moja ya kipini ingekaa juu yake. Bei karibu sawa! Mtu wa kuagiza kwa herufi angeweza kuletewa ile ya kwanza akasema SI1 ni uchafu, kumbe ni mahali doa lilipokaa, rangi yake, na ukubwa wake. Ile ya unyoya nilimuuliza sonara kama ufa unatoka nje mpaka ukingoni, maana ukitokeza hapo ni sehemu dhaifu fundi akibana kucha kwa nguvu. Haukutokeza.

La tatu lilikuwa VS2. La nne lilikuwa VVS2, ngazi moja chini ya ile VVS1 ya kaka, niliiomba makusudi.

Nikamwita mama mdogo, alikuwa amekuja mjini kununua vitu Majengo, nikampa karatasi bila kumwambia lipi ni lipi. Akaangalia kwa muda, akaweka kidole kwenye VS2, kisha kwenye SI1 ya unyoya, akasema haya mawili yanacheka. Ile ya doa jeusi akasema ina kitu. VVS2 akaisukuma pembeni: hili limelala. Na ni kweli lilikuwa limelala, cheti kiliandika mkato wake Fair, karibu na chini kabisa. Mkato ndo unaoamua mwanga uingie urudi machoni kwako au upotelee chini, jiwe linaweza kuwa safi kama nini, mkato ukiwa mbovu halina uhai. Yale mawili aliyoyachagua yote yalikuwa Excellent, juu kabisa. Nikampigia kaka simu ya video nikamuonyesha karatasi ile ile, nikamwambia chagua. Alichagua yale yale ya mama mdogo. Nikamtajia ngazi zake, akakaa kimya, halafu akasema sawa, lipa.

Kwa hiyo mama anavaa VS2 sikio moja na SI1 sikio jingine na hakuna binadamu atakayejua. Kwa jozi kinachoonekana ni ukubwa na rangi visipishane, yote ni rangi G, yaani karibu hayana rangi, upana wa milimita 4.3 hivi. Tulilipa milioni mbili na laki kadhaa pamoja na dhahabu na ufundi. Ya VVS zenye mkato mzuri ilikuwa tatu na nusu na zaidi.

Sisemi VS2 au SI1 ndo ya kila mtu. Ukinunua pete ya karati moja kwenda juu doa linapata nafasi ya kuonekana, mi ningeanzia VS2. Na ukipenda yale maumbo ya mstatili yaliyokatwa kwa ngazi ngazi, panda mpaka VS1 kama hela ipo, maana yale yana uso mpana unaona mpaka ndani kama dirishani, wakati la duara lina nyuso 57 au 58 zinazovunja vunja mwanga na kuficha. SI2 ambayo cheti kinasema doa lake ni wingu iangalie mara mbili, mengine yanakuwa na ukungu jiwe zima.

Kuhusu cheti, mawe madogo kama yetu cheti cha GIA hakina ule mchoro wa kuonyesha madoa yalipo, wanataja aina tu, lakini namba ya cheti inachorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Tuliisoma kwa lupu, kwa taabu lakini ilisomeka, nikaiingiza kwenye tovuti ya GIA papo hapo, vipimo vikakubali. Rudieni kuisoma jiwe likishapachikwa, sehemu inayoonekana. Na muulizeni muuzaji kama jiwe limejazwa, kuna almasi zenye nyufa zinajazwa kioo zionekane safi, ukiinamisha unaona mmweko wa zambarau au machungwa kwenye ufa, siku fundi anarekebisha kwa moto kile kioo kinaharibika. GIA hizo hawazipangii ngazi kabisa, kwa hiyo cheti chao ni kinga. Zinazotengenezwa maabara nazo ni almasi kweli na VVS zake ni rahisi kupata, ila mama alitaka ya ardhini, na cheti lazima kiseme ni ipi.

Nyuma tuliweka skrubu badala ya kibanio cha kusukuma, tuliongeza kidogo tu. Na mama nimemuomba avivue anapopaka mafuta ya nazi, almasi inashika mafuta kuliko unavyodhani na ikishashika inafifia kuliko SI2 yoyote. Jumamosi naviosha mwenyewe, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, na beseni chini, siyo kwenye sinki lenye tundu.