Namna nilivyopanga lengo kubwa la nyumba za kupangisha Mtwara kwa mshahara wa ualimu na fedha za korosho

Nilipoanza kuwekeza katika nyumba mwaka 2016, pembezoni mwa mji wa Mtwara kulikuwa na viwanja vingi vilivyonunuliwa kwa kungojea neema ya gesi. Bomba la kusafirisha gesi kwenda Dar es Salaam lilikuwa limezinduliwa mwaka uliotangulia, kiwanda cha saruji cha Dangote kilikuwa kimeanza kazi, na bei za ardhi zilizokuwa zimepanda kwa kasi zilikuwa zimepoa, huku viwanja vikiota vichaka. Hata hivyo, dalali mmoja alinisihi: "Mwalimu, chukua hekari mbili huku, usijenge chochote, panda minazi ya mpaka tu. Ukistaafu utanikumbuka." Nilimshukuru, lakini nilikwisha kuamua kwamba lengo langu lingepimwa kwa kodi inayoingia mkononi kila mwezi, wala si kwa wingi wa viwanja au kwa bei ambayo mnunuzi asiyejulikana angekuja kunipa.

Lengo nililoliandika lilikuwa hili: ifikapo mwaka 2028, nyumba zituachie shilingi 1,200,000 kila mwezi baada ya gharama zote. Wakati huo hatukuwa na hata kiwanja kimoja, na mama mkwe wangu wa Newala aliposikia aliuliza kwa upole, "Mwanangu, mmepiga hesabu au mmeota?" Swali lake lilinifaa sana, kwa sababu lengo kubwa lisilo na hesabu chini yake humchosha mtu kabla hajafika popote.

Nilianza kwa kuuliza kodi halisi mitaani, Chuno, Likombe na Mangamba, nikiwauliza wapangaji wenyewe badala ya wenye nyumba. Seti ya chumba, sebule na choo cha ndani niliikadiria kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa haraka haraka, seti 12 zingetosha. Lakini nilitoa mwezi mmoja wa kukaa tupu kila mwaka, asilimia 10 kwa ajili ya kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayokatwa kwenye pango, na asilimia nyingine 10 kwa ajili ya matengenezo. Kilichobaki kwa seti moja kilikuwa shilingi 880,000 kwa mwaka. Kwa hiyo shilingi 14,400,000 za mwaka zilihitaji seti 17, si 12. Naiheshimu sana tofauti hiyo ya seti tano, kwa kuwa ndiyo iliyotuonyesha kwamba tungehitaji viwanja viwili na muda wa miaka kumi na zaidi.

Fedha zetu zilikuwa za aina mbili. Mshahara uliendesha nyumba na ada za watoto, na tulikubaliana mimi na mume wangu kwamba usiguswe kwa ujenzi. Fedha za korosho za shamba lake la Newala, ambazo huingia mara moja kwa mwaka baada ya minada ya kuanzia Oktoba, ndizo zilizopewa kazi ya kujenga, baada ya kutenga kwanza fedha za salfa, dawa ya mikorosho, na za palizi za msimu unaofuata. Kila msimu ulipewa hatua moja inayoweza kukamilika: kiwanja, kisha msingi na tofali, kisha boma hadi lenta, kisha kupaua. Boma lililoachwa bila bati hunyeshewa masika yote, kwa hiyo hatukunyanyua kuta ila pale tulipokuwa tumekwisha kununua mbao na mabati. Msimu wa 2018, wakulima walipogomea bei za mnada na utaratibu wa ununuzi ukabadilika, fedha hazikuingia kwa wakati tuliouzoea. Lengo halikuyumba, ile hatua ya mwaka ilisogezwa tu, na katika kungoja tulifyatua tofali kidogo kidogo, fundi akizimwagilia maji asubuhi na jioni chini ya makuti.

Kiwanja cha kwanza tulikipata Mangamba. Kabla ya kulipa nilikwenda ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani na namba ya kitalu na ya kiwanja, nikalinganisha jina la muuzaji na lililomo kwenye jalada, kisha nikaonana na majirani wa pande zote. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na namsihi kila anayeanza asiiache hata kama muuzaji ni ndugu yake.

Seti mbili za kwanza zilipopata wapangaji, mmoja muuguzi na mwingine mkufunzi, kodi yao iliingia katika akaunti yake ya pekee na haikutumiwa nyumbani hata sikukuu. Hapo ndipo kasi ilipobadilika: hatua zilizokuwa zikingoja korosho pekee zilianza kupata nguvu ya pili katikati ya mwaka.

Sasa seti 11 zina wapangaji, nazo zinatuachia zaidi ya nusu ya lengo. Msimu ujao tutapaua mbili nyingine, na hesabu ya kiwanja cha pili naifanya upya kwa bei za leo za nondo na saruji, kwa sababu zile za 2016 hazina tena msaada.