Mzee hakuwa mchoyo: tulivyorithisha ujuzi wa tangi la kahawa

Kila nikihudhuria mkutano wa vyama vya ushirika huku Nyanda za Juu Kusini, lazima asimame mtu aseme wazee wetu ni wachoyo, wanakufa na ujuzi wao. Naomba nipinge. Mimi ni meneja wa kiwanda kidogo cha kuchakata kahawa cha chama chetu cha msingi hapa Mbozi, na nimesimamia kazi ya kuutoa ujuzi kwa mzee mmoja na kuufikisha kwa vijana. Tumefanikiwa, na ninajivunia. Ila hatukufanikiwa kwa njia tuliyoshauriwa, na uchoyo sikuuona popote.

Kwa asiyeijua kazi hii: mkulima analeta kahawa mbivu, tunaimenya, punje zinaingia tangini zikiwa na ulenda, ule ute unaoteleza. Zinavundikwa mpaka ulenda uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja. Pesa ya mkulima iko pale tangini. Ukiwahi kuosha, ulenda unabaki kwenye mkato wa punje, ule mstari ulioingia ndani upande wake bapa, na unaendelea kuchacha juu ya kichanja. Ukichelewa, kahawa inashika harufu ya siki au ya kuoza, na mwonjaji akiikuta hiyo kwenye kikombe hakuna maneno ya kumwambia. Kwetu aliyekuwa anaamua saa ya kufungua tangi ni mzee mmoja tu, tangu mtambo ulipowekwa. Magoti yakaanza kumsumbua, akatutaarifu kuwa anakaribia kupumzika.

Bodi ikaleta mshauri kutoka mjini. Ushauri wake ukawa: muulizeni mzee, andikeni kila kitu, tengenezeni mwongozo, bandikeni ukutani. Tulimlipa laki kadhaa, nauli na chakula juu yetu. Mahojiano yalifanyika chini ya mparachichi, nami nilikuwepo.

"Mzee, unajuaje kahawa iko tayari?"

"Unaishika."

"Ukiishika unasikia nini?"

"Unasikia kwamba tayari."

"Ni saa ngapi tangu kumenywa?"

"Inategemea, mwanangu."

Alipobanwa sana akasema mara nyingi ni siku moja na nusu. Mshauri akaandika saa 36. Kwenye ripoti akaongeza kwamba mzee "hayuko tayari kushirikiana". Maneno hayo ndiyo yaliyozaa habari za uchoyo kijijini, na yaliniuma, maana mzee huyu ni mtu wa kuamka usiku wa manane kwa kahawa ya watu wengine.

Mwezi wa saba mzee akapata msiba kwao Rungwe, akaondoka. Anayejua Mbozi anajua Julai yake ilivyo. Vijidudu vinavyokula ulenda hupunguza kasi sana kukiwa na baridi, kwa hiyo saa zinazotosha mwezi wa tisa hazitoshi Julai. Kijana wetu wa zamu alikuwa na mwongozo ukutani, umewekwa plastiki, umepigwa muhuri wa chama. Saa 36 zilipotimia akafungua. Kwenye mfereji wa kuoshea maji yalijaa povu, na punje zilikuwa zinamponyoka mkononi. Akazipeleka kichanjani kwa sababu mwongozo ulisema hivyo. Baada ya siku chache zilishikana vibonge, rangi ya njano chafu, na ukipita karibu unanusa. Daraja la ubora lilishuka. Wakulima walijaa ofisini, wakamzomea kijana, na kijana alikuwa amefuata kila mstari.

Hapo nikarudi kwenye madaftari yangu ya Mzumbe, Ndaki ya Mbeya, nilikosomea uongozi. Yumo mwanafalsafa Michael Polanyi, aliyeandika mwaka 1966 kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kusema. Lakini aliyenifungua macho hasa ni Gabriel Szulanski. Mwaka 1996 alitoa utafiti kuhusu kwa nini utaratibu mzuri wa idara moja unashindwa kuhamia idara nyingine ndani ya kampuni ileile. Watu walizoea kusema wenzao hawataki kutoa au hawataki kupokea. Yeye akakuta vizuizi vikubwa viko kwingine: anayepokea hana msingi wa kushikia anachofundishwa, hakuna anayejua kwa hakika ni kitu gani hasa kinacholeta matokeo, na uhusiano wa watoaji na wapokeaji ni mgumu. Nilisoma nikaona kiwanda chetu. Kijana alikuwa hajawahi kutia mkono tangini kwa makini hata mara moja. Mzee mwenyewe hakujua mkono wake unasikia nini. Na kijana alimwogopa. Alimwamkia shikamoo babu, akasimama mbali, basi.

Bodi haikutaka kusikia habari za kuwalipa vijana ili washinde na mzee msimu mzima. Mwenyekiti akauliza ni wapi duniani watu wamewahi kufanya hivyo. Nikawapa habari za kampuni ya Matsushita ya Japani. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanatengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani, na unga haukukandika sawasawa hata walipoupiga picha za eksirei. Mfanyakazi wao Ikuko Tanaka akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka iliyosifika kwa mkate. Kule ndiko alikoona namna mwokaji anavyouvuta unga, na wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya mashine ili ifanye vilevile. Wajumbe walinyamaza, fedha ikapita.

Vijana wawili sikuwapeleka tangini. Niliwaanzisha vichanjani, mwisho wa kazi, na watu wengi walishangaa. Wazo nilipata kwa mwanaanthropolojia Jean Lave, aliyewachunguza mafundi cherehani wa Liberia: mwanafunzi pale huanza na umaliziaji wa nguo, vifungo na pindo, ndipo aende kwenye kushona, na kukata kitambaa kunakuja mwishoni kabisa. Anakuwa ameshaijua nguo iliyokamilika kabla hajapewa mkasi. Vijana wetu walichambua punje mbovu wiki nyingi, wakawa wanaona kosa la tangi likiwa limeshakauka: hii iliwahiwa, hii ilichelewa. Kisha mfereji wa kuoshea. Walipofika tangini walikuwa na maswali yao wenyewe, si ya mshauri.

Sasa nifike kwenye ndoo, maana hapa ndipo ninapopapenda. Tatizo la tangi ni kwamba mzee akisema "tayari", umeshika kitu kimoja tu na huna cha kulinganisha nacho. Nikanunua ndoo za plastiki zenye mifuniko, hela ndogo tu. Kila tulipomenya, tunachota kidogo na kuandika saa kwenye mfuniko. Hivyo mzee anapofungua tangi, pembeni kuna ndoo changa, ndoo ya umri uleule, na ndoo iliyopitiliza. Kijana anafumba macho, anatia mkono kila moja, anasema.

Mara ya kwanza mzee akashika ndoo ya umri wa tangi, akatikisa kichwa.

"Hii siyo."

"Ni ya saa ileile, mzee."

"Ndoo inapigwa baridi. Tangi lina joto lake. Zamisha ndoo tangini."

Katika mahojiano yote hakuwahi kutaja joto la tangi. Lilimtoka pale kwa sababu mkono wake ulikutana na kitu kisicho sawa. Tukazizamisha, tukaziwekea mawe juu, na kweli zikaenda pamoja.

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kijana alishika ndoo moja, akasuuza kiganja cha punje kwenye maji safi, akazisugua, zikalia kama changarawe. Akasema tayari. Mzee akachukua punje zilezile, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkato wa punje moja, akamwonyesha uzi mwembamba wa ulenda. "Mgongo unawahi. Mkato unachelewa. Mimi nasikiliza mkato." Nilimwona akishtuka kidogo, akautazama mkono wake. Nadhani na yeye ndiyo kwanza alikuwa anajisikia akilisema.

Kanuni niliyoishikilia ni kwamba kijana aseme kwanza, mzee afuate. Mzee akitangulia, kijana atakubali tu kwa heshima, na hakuna kilichohamia. Vijana walisita mwanzoni, wakiona ni utovu wa adabu. Nikamwomba mzee mwenyewe awaruhusu mbele ya watu, akafanya hivyo, na kuanzia hapo walibishana naye tangini huku wakicheka. Posho ya mzee tuliipandisha na kumwita mwalimu kwenye karatasi za malipo. Msifanye hili kwa soda na asante.

Baridi iliyofuata, mzee alikaa kwenye benchi na vijana wakaamua. Tangi moja waliliacha muda mrefu kuliko saa za ukutani, zaidi hata ya siku mbili, wakulima wakinung'unika kuwa itaoza. Ikaoshwa safi, ikakauka safi, na daraja likarudi pale lilipokuwa.

Mwongozo tuliubandua. Sasa kuna daftari karibu na matangi, na anayeandika ni yule aliyeshika: hali ya hewa, saa ya kumenya, alichosikia kwenye mkato, uamuzi wake, na baada ya kukauka anarudi kuandika matokeo. Kwa asiyewahi kutia mkono tangini maandishi yale hayasemi kitu. Msimu huu tumeongeza binti mmoja, naye ameanzia vichanjani, na anayemfundisha ni yule kijana aliyezomewa.