Nilivyolipatia silaha jeshi la Sayyid Barghash, katika Zanzibar iliyokoswa na kimbunga

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha meli za sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, zilizokuwa zimetia nanga bandarini. Hayo ndiyo yaliyotokea kweli. Kwenye mchezo wetu wa historia mbadala, tunaoucheza mezani na marafiki, kimbunga kile kilipinda kusini kikapotelea baharini. Hicho tu ndicho tulichokibadilisha, kisha kila mmoja akapewa dola yake aitunze mwaka baada ya mwaka, na mwamuzi mmoja wa kukata hukumu. Mimi nikapewa Zanzibar. Jukumu langu lilikuwa kulipatia jeshi silaha kabla Mjerumani hajafika, na sote tulijua atafika.

Wenzangu walifikiri kwamba mwenye mikarafuu hai ana fedha za kuchezea. Nilianza na daftari la forodha. Enzi za Sayyid Majid, ndugu yake Barghash aliyemtangulia, kazi ya kukusanya ushuru wa forodha ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Kihindi ya Jairam Shivji kwa karibu riale 300,000 kwa mwaka, na nyumba hiyohiyo ilikuwa inaidai serikali deni zito. Ushuru wa bidhaa ziingiazo ulifungwa kwa mikataba ya nje kwenye asilimia 5, kwa hiyo sikuweza kuupandisha hata nikitaka. Juu ya hapo, kwa uamuzi wa Lord Canning, gavana wa Kiingereza wa India, wa 1861, Zanzibar ilitakiwa kuilipa Maskati (Oman) riale 40,000 kila mwaka. Kabla ya kununua risasi hata moja, nilitaka kuutua mzigo huo.

Nafasi ilikuja 1873. Mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alikuja na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, Barghash akakataa, na baadaye John Kirk, balozi wa Kiingereza Unguja, akamtishia kuzingirwa kwa bandari hadi akatia sahihi tarehe 5 Juni. Mezani kulikuwa na ubishi mkali. Mmoja alisema kwamba sultani mwenye meli zake na karafuu zake angekaza shingo. Nikamwambia, "Sheikh wangu, hizo karafuu zinachumwa na nani? Na meli zetu zitafanya nini mbele ya manowari za Kiingereza?" Nilisaini mapema, kwa sharti la kuondolewa ile 40,000, jambo ambalo hata katika historia ya kweli Waingereza walikubali kulibeba. Mwamuzi aliniongezea gharama za mashambani kwa miaka iliyofuata, na ilikuwa haki yake. Utajiri wa karafuu ulisimama juu ya migongo ya watumwa, na mchezo unaolificha hilo haunivutii.

Halafu bunduki. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote.

Zanzibar haikuwa na uhaba wa bunduki. Magobore ya kujazia mdomoni yalipita pale kwa shehena nzimanzima kwenda bara kununulia pembe. Kilichokosekana ni bunduki za aina moja, zinazokula risasi ya aina moja, mikononi mwa watu wanaolipwa kwa wakati. Askari wa Kibulushi, yaani mamluki kutoka Baluchistan, walikuwa na majemadari wao na silaha zao, na kila kikosi kilijitegemea. Njia rahisi ilikuwa bunduki ya Snider ya Kiingereza. Jeshi la Waingereza lilikuwa limekwisha kuanza kuhamia bunduki mpya ya Martini-Henry, na Snider zilikuwa zikishuka kwenda kwa askari wa India, kwa hiyo risasi zake zingepatikana Bombay, mwendo mfupi kwa meli. Katika historia ya kweli ndivyo ilivyokuwa: Luteni Lloyd Mathews alipoanza kumfundishia Barghash jeshi jipya mwaka 1877, serikali ya Uingereza ilitoa zawadi ya Snider 500.

Lakini aliyetishia kuifunga bandari yangu ndiye huyohuyo angeniuzia risasi. Nikaiacha Snider.

Nilichagua bunduki ya Remington ya Kimarekani. Sababu ya kwanza ni wafanyabiashara wenyewe: Wamarekani wa Salem walikuwa na mkataba na Zanzibar tangu 1833, na kitambaa chao mpaka leo tunakiita amerikani. Sababu ya pili ni chuma chenyewe. Kufuli la Remington ni vipande viwili vinene vinavyozunguka na kukabana, na fundi wa panga anaweza kukuelewa ukimwonyesha mara moja. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonishawishi kabisa, ni ganda. Risasi za Snider za wakati ule zilikuwa na ganda la bati jembamba la shaba lililokunjwa, ambalo kulijaza upya ni taabu tupu. Remington ilitumia ganda zima la shaba. Ukiwa na fataki, risasi na baruti, unaokota maganda na kuyajaza tena palepale, na baruti ilikuwa tayari bidhaa ya kila siku Forodhani. Nusu ya bajeti ya mwaka wa kwanza ilikwenda kwenye mitambo ya kujazia, mafundi na ghala kavu. Wenzangu walinicheka kwamba nina mafundi wengi kuliko askari.

Walinyamaza 1875. Mwaka huo, katika historia ya kweli, Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alituma meli zikaiteka Barawa na Kismayu, bandari za kaskazini zilizokuwa chini ya Zanzibar, na zikaondoka baada ya Uingereza kumbana. Mwenzetu aliyekuwa na Misri akafanya vilevile. Alinitoa Kismayu kwa urahisi, sitaficha. Ila Misri nayo ilikuwa imenunua Remington kwa maelfu, na mkataba wa kuondoka ulipofika, nilidai masanduku ya risasi yaliyoachwa ghalani yawe fidia. Mwamuzi alicheka, akakubali.

Swali la meli lilikuja baadaye, na hapo kila mtu alikuwa na ushauri. Mwaka 1878 Barghash halisi alijengewa meli iitwayo Glasgow huko Dumbarton, Uskochi, meli nzuri ya tani zaidi ya 1,400, iliyofuata umbo la manowari ya Kiingereza yenye jina hilohilo. Kwa miaka mingi ilikaa tu mbele ya kasri, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliizamisha katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Meli moja kubwa ni shabaha moja kubwa. Halafu makaa ya mawe: Unguja haina hata kipande, yote yanaletwa, na anayeyaleta anaweza kuacha. Boti za torpedo zilinitamanisha, maana zilikuwa ndiyo mpya mpya za Ulaya, lakini torpedo ya Whitehead inaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa na inataka fundi wa hali ya juu kila siku. Nilinunua mashua mbili za mvuke zenye kina kifupi, zinazoweza kupita juu ya miamba maji yakijaa na kuingia hadi Pangani na Rufiji, kila moja na mzinga mmoja. Mji Mkongwe sikuujengea ngome. Mji ulioko ufukweni kabisa, mweupe, na kasri linalotazama bahari, hauwezi kulindwa dhidi ya mizinga ya manowari.

Fedha niliyoiokoa kwenye meli nilipanda nayo bara. Nadhani hapo ndipo Barghash halisi alipochelewa. Mathews aliweka kituo cha askari Mamboya, bara, mwaka 1880, lakini hakikutosha. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara, bara, akikusanya misalaba ya machifu badala ya sahihi kwenye karatasi za mikataba, mojawapo ya chifu Mangungo wa Msovero, yule tuliyefundishwa shuleni sote. Mathews nilimwajiri vilevile, mwaka uleule wa 1877, ila nilimwelekeza magharibi tangu mwanzo: Mamboya, Mpwapwa, Msovero. Kila kituo kilipata bendera nyekundu, askari wachache, akida (mwakilishi wa sultani) anayejulikana na wenyeji, Remington, sanduku la vifaa vya kujazia, na posho inayofika. Posho ndiyo iliyonila fedha kuliko bunduki. Askari asiyelipwa hujilipa mwenyewe kwenye mashamba ya watu, na hapo machifu humgeukia mgeni yeyote mwenye karatasi.

Agosti 1885 Kamanda Paschen wa manowari za Kijerumani alifika mbele ya kasri na meli zake, Stosch na Gneisenau zikiwemo, kama ilivyokuwa kweli. Mjerumani wetu alidai Usagara. Nikamtolea orodha ya vituo, mishahara iliyolipwa na majina ya maakida. Yeye akaleta mikataba ya Peters na hati ya ulinzi ya Kaiser ya Februari. Akanikumbusha pia kwamba kanuni ya mkutano wa Berlin kuhusu kukalia ardhi ilihusu pwani, siyo bara, na kisheria alikuwa sahihi. Mwamuzi aliuliza swali moja tu: katika nchi inayogombewa, nani ana watu wenye risasi leo? Nilikuwa nao mimi. Mjerumani alikuwa na mizinga baharini, na manowari haifiki Mpwapwa.

Angeweza kuupiga mji, na alilifikiria hilo kwa muda. Mwishowe tulipatana: nikamwachia Witu, karibu na Lamu, na haki ya kutumia bandari ya Dar es Salaam, nikabaki na Usagara. Wenzangu wawili bado wanasema nimeuza Dar es Salaam kwa bei ya kutupa. Mwaka huo nilifunga hesabu nikiwa nadaiwa makaa, mashua moja ikiwa imepandishwa pwani kukwanguliwa, na Mathews anaomba vituo vingine viwili kuelekea Tabora. Nimempa kimoja.