Siku moja kijiweni: gurudumu la nyuma la mzee

Saa moja asubuhi nafungua kijiwe changu hapa Ngamiani, Tanga. Kufungua kwenyewe ni kutandika gunia, kumwaga spana na kuegesha pampu mahali wapita njia wataiona. Hadi saa tatu nimeziba pancha nne na kukaza breki mbili. Mji wetu ni tambarare, baiskeli zimejaa, na pancha ndiyo chai yangu.

Saa tatu na nusu akaja mzee anakokota Raleigh ya resi, zile za usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Bajaji ilimgonga kwa nyuma: rimu imepinda, spoku saba zimekatika. Mkononi ana gurudumu la mtumba alilojinunulia mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, ni kubadilisha tu hapo. Nasubiri."

Hiyo "tu" ndiyo inayotumaliza mafundi. Gurudumu lake ni la inchi 27, la mtumba ni la saizi inayoitwa 700. Kwa macho ni mapacha. Lakini pale tairi linapokalia, moja lina milimita 630 na jingine 622. Tairi lake la zamani halitakaa humo, na raba za breki lazima zishuke milimita nne, la sivyo zitakula tairi. Tena fremu yake nyuma ina nafasi ya milimita 126, ekseli ya hili la mtumba ni 130. Nikamweleza. Akasema vijana wa siku hizi tunatafuta hela kwa vipimo. Tukapatana elfu kumi na tano, tairi ananunua yeye.

Kilichokula siku ni friwili, lile fungu la gia za gurudumu la nyuma. La mtumba lilikuja bila gia, kwa hiyo ilibidi niihamishe ya zamani, na friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga pedali. Hii ilikazwa na miguu ya mzee miaka na miaka. Ufunguo wake una meno mawili, ukiteleza, umeharibu. Nikatia mafuta ya taa, nikaubana ufunguo kwa nati ya ekseli, nikaufunga kwenye jiliwa la jirani mchomeleaji, nikashika rimu ile iliyopinda kama usukani wa lori. Kimya. Adhuhuri ikaadhiniwa, mzee akaenda kuswali akarudi. "Bado tu?" Nikamwita mchomeleaji, tukavuta wawili, jasho linaingia machoni. Ka! Nikajua jino limekwenda. Kumbe imeachia.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Grisi kwenye nyuzi, friwili ndani. Fremu nikaitanua kwa mikono. Chuma kinakubali, alumini usithubutu. Kisha kunyoosha rimu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, upande wa gia spoku zikikazwa zaidi. Nazigusa kwa ukucha: iliyokaza inalia, iliyolegea inakoroma. Mgongo nao ukaanza kukoroma.

Mzee akazungusha gurudumu, likapita katikati ya raba bila kugusa. Hakusema kitu. Akanihesabia elfu kumi na mbili.

"Mzee, tulipatana kumi na tano."

"Si umebadilisha tu?"

Akapanda, akaondoka, mnyororo hausikiki kabisa. Nilikasirika, lakini nilimwangalia mpaka akakata kona.

Magharibi nikafumua lile gurudumu bovu. Spoku nzima zilikuwa 29. Muuza mishikaki wa ng'ambo ya barabara amezichukua zote, ameshaanza kuzinoa, na mimi nimekula miwili bila kulipa.